Mke Wangu wa Kanada

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua hakuna.

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya Matiko. Mwaka jana alinibishia mbele ya watu, pale kwa kinyozi, kwamba vuli ilianza baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, ile ya tarehe mosi Novemba. Mimi nikasema ilianza kabla. Mkurya akibisha anainuka kabisa na fimbo anaishika, kwa hiyo watu wenye busara wakakubaliana naye haraka. Mwaka huu naandika, iwe mvua, iwe jua. Akibisha namfungulia ukurasa. Niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wetu alikuwaga na mkono mzito na mwandiko wangu haujalegea mpaka leo.

Dorotea amelima mpaka jua la utosi. Mimi nimesimamia mbuzi.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua hakuna. Upepo kutoka ziwani. Dagaa wamekauka, kunguru wamechukua fungu lao la kumi.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua hakuna. Mke wangu amepiga simu kutoka Kanada.

Huyu ni Ursula, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Mugeta na huyu Dorotea ninayekaa naye hapa Mugango. Amerithi jina la bibi yake, Nyangeta, na kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, hakuna posa wala kikao. Nilimwita mke wangu siku alipotolewa nje, na alipojua kusema akaniita mume wangu. Akiwa darasa la pili alinipigia kelele mnadani, "Mume wangu, zipu," na mnada mzima ukageuka kutazama. Shikamoo yake sijawahi kuipata hata siku moja. Tulivyozoeana, angeanzia wapi?

Amemaliza chuo huko. Sasa anapima maji kwenye maabara ya mji mmoja wenye ziwa. Anasema kuna miezi watu wanatembea juu ya hilo ziwa. Nikamwambia Petro naye alitembea, akazama. Na sasa ameomba ukaazi wa kudumu.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Maana yake hawataweza tena kuniambia niondoke, mume wangu. Kibali changu cha kazi kinaisha mwakani. Nikiukosa huu ukaazi, ndiyo basi, nafungasha."

"Na sisi tukikwambia urudi?"

Akacheka. Kicheko kilikuwa kizuri, ila jibu halikuwemo.

Halafu akasema kuna ofisi inaweza kunipigia. Cheti chake cha kuzaliwa kilitafutwa akiwa mkubwa, kwa hiyo wanataka kumsikia mtu aliyemlea.

"Jibu wanachouliza tu, mume wangu. Usiwatanie."

"Mimi na utani wapi na wapi."

Jumapili, 15 Septemba

Mvua hakuna. Padri kahubiri mwana mpotevu. Nimesinzia kabla hajarudi kwao.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua hakuna, ila leo nimecheka peke yangu mpaka mbuzi akaacha kula.

Wale watu wamepiga. Namba ndefu kama ya luku ya umeme. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Nairobi, kile kinachotembea kimevaa viatu.

"Mzee Masatu? Tunathibitisha habari ya Ursula. Nakuomba unijibu vile iko. Wewe na Ursula mko na uhusiano gani?"

Nilikuwa nimejipanga kusema babu. Haki ya Mungu nilijipanga. Lakini mdomo wa mtu ni kama ng'ombe, njia aliyoizoea ndiyo anayoifuata.

"Huyo ni mke wangu," nikasema.

"Mke wako?"

"Mke kabisa. Nilimwoa hana hata jino. Mke mkubwa alikuwa hai, akakubali mwenyewe."

"Huyo mke mkubwa ni nani?"

"Nyangeta. Sasa ni marehemu."

"Na mahari ulitoa?"

"Jogoo mmoja. Mama yake alimla siku hiyohiyo."

Nikasikia anaandika. Ile sauti ya vidole kwenye mashine, tak tak tak.

"Na sasa mnaishi aje?"

"Ameniacha kaenda kusoma mambo ya maji, kama vile hapa ziwa hakuna."

"Atarudi?"

Hapo nilikaa kitako. Nikavua kofia.

"Atarudi," nikasema. "Huyo ni wa kurudi. Nimemwekea kiwanja Bweri, pale Musoma mjini. Mwandikie hivyo, atarudi."

"Asante mzee. Nimeandika vile umesema."

Nyangeta angekuwepo angenipiga na mwiko.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua hakuna. Nimempelekea Matiko ile habari. Amecheka akashika ubavu.

"Sasa watakuletea ndege, wakurudishie jogoo wako," akasema. Halafu akanisogelea. "Lakini Masatu, hao watu wanajua utani?"

"Kila mtu ana babu," nikamjibu.

Jumanne, 24 Septemba

Mawingu upande wa Ukerewe. Yametudanganya.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua hakuna. Viazi vya Dorotea vinanyauka. Anavimwagia maji ya kuoshea vyombo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua hakuna.

Kwetu mkwe haangaliani usoni na baba mkwe, na kumkaripia ndiyo kabisa. Tangu Mugeta afe tunaishi wawili kwenye kaya hii kwa adabu kama ya kanisani. Dorotea akiwa na neno jepesi ananiambia mwenyewe, "Baba, chakula tayari." Akiwa na neno chungu anamwambia mbuzi. Mbuzi tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu anakula na halimi. Huyu mbuzi ameshasemwa hapa juu ya ulevi, na juu ya kupanda kitandani na viatu, wala pombe hajui ina rangi gani.

Leo asubuhi simu ya Dorotea iliita, akaingia nayo ndani. Alipotoka alimfuata Mheshimiwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nachonga mpini.

"Mheshimiwa, umesikia? Wamemwandikia mwanangu. Eti ana mume huku nyumbani na amemficha. Eti amewadanganya, na anakusudia kurudi kwa huyo mume. Wamempa mwezi mmoja ajieleze. Wasiporidhika wanamwondoa, na mlango wanaufunga miaka mitano." Akamshika mbuzi pembe. "Mtoto amefagia ofisi za watu usiku ili asome. Ni mtu gani mwenye moyo wa hivyo, Mheshimiwa? Nani kawaambia?"

Mbuzi alitafuna.

Mimi nikaendelea kuchonga. Nimechonga mpaka mpini wa jembe umefaa kuwa mwiko.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua hakuna. Chakula hakijashuka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua hakuna. Dorotea amempata mkosaji.

Ni mwalimu Faustine wa shule ya hapa. Kabla Ursula hajaondoka, Faustine alimtuma mshenga. Mshenga akanywa soda, akaongea vizuri, na Ursula akakataa vizuri zaidi. Basi yakaisha. Faustine ameshaoa, ana Consolata wake na mtoto mmoja. Lakini Dorotea amepiga hesabu na jibu lake limetoka.

"Ni yule, Mheshimiwa. Nani mwingine angejiita mume? Alikataliwa, kakaa na sumu yake miaka yote, sasa kaitema."

Mheshimiwa hakubisha. Na mimi sikubisha. Kati yetu wawili, mbuzi ndiye aliyekuwa na sababu.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua hakuna. Joto la kuua kuku.

Padri aliposema tutakiane amani, Faustine aligeuka benchi la mbele akanyoosha mkono kwa Dorotea. Dorotea akauangalia ule mkono kama mtu anayeangalia samaki aliyechina. Akageuka, akamshika mkono bibi wa nyuma. Watu waliona. Consolata naye aliona, akashusha macho.

Mkono wa Faustine ukabaki hewani, ukanitafuta mimi. Nikaupokea. "Amani, Babu," akasema. Ulikuwa na vumbi la chaki kwenye kucha.

Komunyo sikwenda. Nilisingizia goti.

Jumatano, 16 Oktoba

Faustine amekuja jioni, wakati Dorotea yuko kisimani. Ameleta sato wawili wamefungwa kwa ukindu. Mtu anayechukiwa, anakuja na sato.

"Babu, naomba unisaidie. Mama Ursula nimemkosea nini?"

"Wanawake, mwalimu," nikasema. "Hali ya hewa."

"Siyo hali ya hewa. Kisimani wamemwambia Consolata kwamba mimi najitangaza hadi Ulaya kuwa nina mke mwingine. Hajaniongelesha tangu Jumapili. Chakula ananiwekea mezani kama mpangaji."

Nilimwambia mambo haya hupoa. Nilimwambia avumilie, ndoa ni safari. Nilitoa hekima zote ambazo mzee anatakiwa kuwa nazo. Nilikuwa natapika hekima kama mlevi.

Dorotea aliporudi akawaona sato, akauliza wa nani. Nikasema nimepewa ufukweni. Akawapika. Nikala. Nimeandika hapa kwamba nilikula.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua. Imeanza alfajiri upande wa ziwa, ikaja na ngurumo, mabati yote ya Mugango yakaongea. Imenyesha hadi mitaro imefurika. Hii ndiyo vuli yenyewe, na Watakatifu Wote bado sana.

Nimeshinda. Sikwenda kumwambia Matiko.

Jumapili, 20 Oktoba

Manyunyu.

Ursula amenipigia mimi mwenyewe, kwenye simu yangu ya kitochi. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Shikamoo, Babu."

Sijui kuandika nilivyoisikia. Kama mtu anarudi nyumbani anakuta kitasa kimebadilishwa.

"Marahaba," nikasema.

"Babu, kuna mtu alikupigia simu?"

"Nani anipigie mimi? Mtandao wa huku unaujua mwenyewe."

Nikasikia gari linapita huko kwao. "Mwanasheria wangu anasema hivi," akasema pole pole, kama anamsomea mtoto. "Aliyeyasema yale maneno ndiye peke yake anayeweza kuyafuta. Aende kwa wakili aape. Akiwahi, nitapona. Asipowahi, Babu, hata niandike nini hawanisikii. Mwisho ni tarehe za mwanzo wa Novemba."

"Nitaulizia ulizia," nikasema.

"Ulizia, Babu."

Nimeandika kwamba nilisema nitaulizia.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua asubuhi yote. Leo nitaandika sana.

Dorotea alitoka ndani amevaa gauni la misa na viatu mkononi. Akasimama chini ya upenu, mbuzi amejibanza hapo hapo anakwepa mvua.

"Mheshimiwa, linda nyumba. Nakwenda kwa mratibu elimu kata. Mwalimu anayeharibu watoto wa watu hafai kukaa na watoto. Wamhamishe. Wamfukuze. Nikitoka hapo nakwenda kwa padri."

Mimi nilikuwa chumbani, dirisha liko hapo hapo chini ya upenu. Ningeweza kukohoa tu. Ningeweza kusubiri mvua izidi asiende. Nilisubiri, haikuzidi. Mvua nayo ilikuwa imechoka na mimi.

Nikatoka. Nikasimama upande wa pili wa mbuzi, nikamtazama mbuzi. Dorotea akatazama ukuta. Adabu iko pale pale.

"Mheshimiwa," nikasema. "Faustine hana kosa. Waliopiga simu walinipigia mimi. Wakaniuliza huyu ni nani kwako, nikawaambia mke wangu. Nikawaambia na jogoo. Nikawaambia mambo mengi, Mheshimiwa, na yule mama aliyaandika."

Maji yanaanguka kutoka kwenye bati, yanachimba shimo lile lile.

"Na nilikaa nayo," nikasema. "Tangu mwezi uliopita. Nikamwangalia mwalimu wa watu anachomwa, na sato wake nikala. Mwambie mama yake Ursula hivyo. Mimi siwezi kumwambia."

Dorotea alivua kitambaa cha kichwa akajipangusa uso. Nilidhani atalia. Alikuja kuongea kwa sauti ya chini kabisa, na alimwambia mbuzi, lakini mbuzi mwenyewe alijua haambiwi yeye.

"Mheshimiwa, nimemkataa mtu mkono mbele ya ekaristi. Nimemfanya mke wa watu akose usingizi. Mzee wa nyumba hii alikuwa amekaa pembeni yangu." Akapumua. "Muulize, huwa analala?"

"Halali," nikasema.

"Mwambie vizuri. Mwambie asilale kwanza, mpaka hii kazi iishe."

Akavaa viatu. Nikamuuliza mbuzi mama anakwenda wapi tena.

"Kwa Faustine," akasema. "Na mzee atavaa koti lake tuongozane."

Tulikwenda, yeye mbele, mimi nyuma, mvua juu yetu sote. Kule sikuwa na mbuzi wa kumwambia, ikabidi nitumie uso wangu mwenyewe. Faustine alisikiliza hadi mwisho. Alikaa akatazama mikono yake.

"Babu, nilikuja kwako," akasema. "Kati ya watu wote."

Hakusema lingine, na afadhali angenitukana. Aliyenisaidia ni Consolata. Alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Kwa hiyo huyo mke mwenzangu ni wako, Babu?" akasema. "Haya, mchukue. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia chumba." Akacheka, na Dorotea akacheka huku analia, wakashikana mikono kwenye ungo wa mboga.

Faustine hakucheka.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua kidogo. Nimekwenda Bunda, kanisani alikobatizwa Ursula enzi Mugeta akifanya kazi kwenye pamba. Wakili wa Musoma tuliyempata anataka kitu cha kuonyesha mimi ni nani. Katekista alifungua kitabu kikubwa. Pale wanapoandika ubatizo wanaachaga nafasi pembeni, mtu akifunga ndoa popote duniani habari inarudi inaandikwa hapo. Pembeni ya Ursula ni peupe. Juu yake limo jina la baba yake, Mugeta wa Masatu.

Katekista akauliza, "Babu, unamtafutia mchumba?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Nililimeza.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua ya mchana. Nimemfuata Matiko Buswahili, yuko kwa dada yake anapanda mtama. Nimemwambia namtaka awe shahidi wa mila. Alisimama, akashika fimbo.

"Nilikuuliza kama wanajua utani."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu kila mtu ana babu."

"Nilikujibu."

Akakaa. Kubishana na mtu asiyebisha kulimshinda. Akasema atakuja.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua usiku, mchana jua. Musoma.

Wakili anaitwa Scholastika, binti wa rika la Ursula, ofisi yake iko juu ya duka la vipuri. Alitupa shikamoo sisi wote wawili, akatukalisha, akafungua kompyuta.

"Babu, naomba radhi kwa maswali. Ni lazima yaandikwe. Je, umewahi kuishi na Ursula kama mume na mke?"

Nilitazama sakafu. Lile neno nimelisema miaka yote, nikalisema mnadani, kanisani, mbele ya mama yake, na kila aliyelisikia alicheka. Pale mezani lilikuwa limevuliwa nguo. Nikaona vile yule mama wa Nairobi alivyoliona. Mzee. Mtoto asiye na jino. Jogoo.

"Hapana," nikasema. "Ni mjukuu wangu. Nilimbeba mgongoni akiwa na surua."

Matiko akaulizwa mila. Akasimama japo aliambiwa akae. "Andika. Mimi nina wake saba wa namna hiyo. Mkubwa ni askari magereza, mdogo anaota meno na ananikojolea. Andika hivyo, na hao watu wakitaka waje niwaonyeshe wote."

Scholastika aliandika, akijizuia kucheka. Halafu akatusomea karatasi yote. Ilisema mimi Masatu naapa kwamba maneno yote niliyoyasema kwenye simu ile, kuwa Ursula ni mke wangu, kuwa nilitoa mahari, kuwa ameniacha, na kuwa atarudi, yalikuwa utani wa babu na mjukuu na hayana ukweli wowote.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, Babu."

"Hilo la mwisho litoe."

Akaacha kusoma. "Kwani lile lilikuwa kweli?"

Matiko alinigeukia. Tumejuana tangu alipokuja huku kununua ng'ombe akabaki. Hakusema kitu, na Matiko asiposema kitu ujue ameelewa.

"Babu," akasema yule binti, taratibu, "nikilitoa, watasema kumbe yapo aliyoyasema kwa kumaanisha. Wataanza kutafuta na mengine. Kiapo ni kama mtumbwi, tundu moja linatosha. Au nilitoe?"

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo kwenye rimu ya gari.

"Liache humo humo kwenye utani," nikasema.

Nikashika Biblia kwa mkono wa kulia. Nikaapa. Nikatia saini kwa ule mwandiko wangu usiolegea. Leo ulilegea.

Karatasi imepigwa picha imeruka Kanada kabla hatujashuka ngazi.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua hakuna. Leo ni siku ya Marehemu Wote. Nimepalilia kaburi la Nyangeta.

Nimemwambia yeye, maana yule hamwambii mtu.

Yale mengine yote yalikuwa utani, mke mkubwa. Hata mimi sikujua yanatoka. Lakini yule mama aliponiuliza atarudi, nilikaa kitako, nikavua kofia. Nilijua ni ofisi. Nilisikia anaandika na nilitaka aandike. Wengine wanamwomba Mungu, mimi nilimwomba mwanamke wa Nairobi. Nilifikiri wakiandika huko kwamba atarudi, basi imeandikwa, itakuwa.

Na juzi nimeshika Biblia nikasema hayana ukweli wowote.

Sasa sijui dhambi yangu ni ipi. Kama nilisema kweli kwenye simu, nimeapa uongo. Kama nimeapa kweli, basi kile kiwanja nilikuwa namfyekea nani? Padri nimemwungamia la Faustine, akanipa rozari. Hili sikumpa. Angetaka nilijutie, na mimi bado nalitaka.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua nzuri. Viazi vimeinuka.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Ursula amempigia mama yake, ofisi imepokea. Kusubiri tu. Hakuomba kuongea na mimi.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Kwenye amani Dorotea alitoka benchi lake akaenda hadi kwa Faustine na Consolata. Faustine alinipa mkono na mimi. Alinipa ncha za vidole. Ni haki yake.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua kubwa. Nimepita Bweri na bodaboda kuangalia kiwanja. Majani yamefika kiunoni. Jirani amejenga, ana geti, akaniuliza na wewe unaanza lini. Nikamwambia mwenye nyumba anachelewa. Kisha nikakumbuka kiapo, nikamwambia hapana, hakuna mwenye nyumba. Akaniona mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Dorotea amemwambia Mheshimiwa kwamba mzee amekonda na uji uko jikoni.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua hakuna.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua.

Dorotea alikuwa shambani. Kitochi kikaita.

"Mume wangu," akasema.

Nikatoka nje, mtandao usikatike.

"Nimepata. Imekuja leo. Hawaniondoi tena." Akawa analia na kucheka, na nyuma yake wenzake wanapiga vigelegele vya kizungu, vibovu. "Wamekubali kiapo chako. Mume wangu, unanisikia?"

"Nakusikia. Mungu ni mkubwa."

"Nilijua ni wewe tangu siku ya kwanza. Nani mwingine ana mahari ya jogoo? Barua haikuandika jogoo, ila kwa mwanasheria nilisoma faili zima. Nilisubiri useme mwenyewe. Nilikasirika, nakwambia. Nilikupa shikamoo."

"Niliipata."

"Yameisha. Nimekusamehe, jogoo na yote." Akapenga kamasi. Halafu sauti ikashuka, ikawa ile ya darasa la pili. "Waliandika na cha Bweri. Kwamba umeniwekea kiwanja, na kwamba nitarudi. Hicho nacho kilikuwa utani?"

Mbuzi alikuwa ananitazama. Kofia ilikuwa kichwani, na safari hii sikuivua. Nilifikiria kibali chake cha siku moja, wino haujakauka. Nilifikiria yeye kwenye lile ziwa lao, anatembea juu ya maji, na mimi huku namvuta mguu.

"Utani, mjukuu wangu," nikasema. "Niliapa."

Neno hilo sijawahi kumwita. Lilitoka kama mwiba wa sato.

"Sawa, Babu," akasema.

Dorotea aliporudi nikampa habari mwenyewe, bila mbuzi. Alipiga magoti kwenye tope.

Jioni Matiko akaja kumpongeza Dorotea. Akatazama mbinguni, akasema hii ya leo siyo mvua, ni manyunyu tu, na kwamba mwaka huu vuli imechelewa, imeanza baada ya Watakatifu Wote. Daftari lilikuwa hapa mapajani.

Sikumbishia.